Maji ya Kisima Kipya

Hapo zamani, mwaka ambao mvua iliwanyima maji watu wa kijiji cha Igunda, Mzee Lugendo alichimba kisima kwa mikono yake mwenyewe. Maji yalipotoka, wanawake walipiga vigelegele.

Nyamizi hakupiga. Alikuwa ameolewa pale kutoka mbali, na kwao aliwahi kuyaona maji ya namna ile: machungu kidogo kwenye ulimi, na mbuzi wakiyanywa huvimba matumbo. Siku ya nne mbuzi wawili wakafa. Nyamizi akatua mtungi, akaenda kusema.

Alimwendea mama mkwe wake, Bi Kabula, ambaye hakumtaka tangu siku ya posa.

"Mama, maji yale yanaua."

"Umejuaje, kama si wewe uliyetia kitu?"

Akamwendea Mzee Lugendo.

"Baba, mbuzi wawili wamekufa."

"Mbuzi hufa kila kiangazi. Mbona huwataji waliokunywa wakabaki wazima?"

Akamwendea mumewe, Maganga, aliyempenda kuliko macho yake. Walikuwa wamezika mtoto mchanga mwaka uliopita, na tangu hapo kila alilosema mkewe, Maganga alilisikia kama kilio.

"Ni majonzi hayo, mke wangu. Pumzika."

Kasema mara tatu, karudi mara tatu na neno lake. Akaanza kuchota mtoni, mwendo wa nusu siku. Watu wakanong'ona: "Mnaona? Anaikimbia dawa yake mwenyewe." Nyamizi akaapa hatafungua kinywa tena. Igunda hapakuwa na wa kumsikiliza.

Kisha akaja wifi yake, Ngolo, mtoto mgongoni. Alikuwa amewaona wale mbuzi.

"Wifi, hebu niambie ukweli. Kile kisima kina nini?"

Nyamizi akamtazama. Kwa Ngolo aliona paji la uso la Bi Kabula, mama yake, akasikia na sauti ya Bi Kabula. Ametumwa kunitega huyu, akawaza.

"Kamuulize mama yako," akasema, akaendelea kutwanga.

 Ngolo akaenda, akamuuliza mama yake, akaambiwa maji ni mazima, akachota kisimani.

Mtoto wake alivimba siku mbili. Ya tatu wakamzika.

Pale kaburini Bi Kabula alilia: "Neno lile lingetoka kinywani mwa mtu mwingine, ningelisikia!"

Mzee Lugendo akasema, "Niliwapa maji watu wenye kiu. Nani huchimba kisima akitafuta kasoro yake?"

Maganga akasema, "Mimi nilimhurumia tu mke wangu."

 Ngolo akamjia Nyamizi, mikono imejaa udongo.

"Wifi, hawa waliambiwa wakakataa. Mimi nilikuja kuuliza. Mbona hukunijibu?"

Nyamizi akageuka, akashika njia ya nyumbani. Kisima kilifukiwa jioni ile, na mawifi wale wawili hawakusemeshana tena hadi kufa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msijibu haraka. Aliyesikia uchawi, aliyesikia lawama, aliyesikia kilio, na aliyeulizwa akasikia mtego: je, damu ya mtoto yule ilikuwa shingoni mwa nani?