Magunia Matupu ya Nambua

Mvua ilipobomoa daraja, maharage yalibaki katika ghala moja tu mjini, la Bwana Mrindoko. Akalitia kufuli, akaketi mlangoni kungoja njaa ya watu imnenepeshe.

Akaja Nambua, mama ntilie wa stendi, ambaye wateja wake walishaanza kumkimbia.

"Bei ni mara tatu," Mrindoko alimwahi. "Ukilia, ni mara nne."

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuazima magunia matupu. Ya kwetu hayatatosha."

"Ya kutilia nini?"

"Maharage. Yanaingia leo, tutagawana stendi nzima."

"Yanatoka wapi, na daraja halipo?"

"Karibu tu, baba. Njia ya riziki haitangazwi."

Mrindoko akawaona akilini wadudu wakimalizia shehena yake isiyo na mnunuzi. "Chukueni maharage yangu, mwanangu. Nusu ya bei ya kila siku."

Nambua akaguna, akasitasita, mwisho akakubali kama anayemhurumia. Mama ntilie wenzake wakaja na mikokoteni, wakalikomba ghala lote.

"Na yale yenu yakifika," Mrindoko akauliza akicheka, "mtamuuzia nani?"

"Yameshafika, baba," alijibu Nambua, akisukuma mkokoteni. "Si ndiyo haya uliyotuuzia?"