Shamba la Mwiko

Hapo zamani, si ile ya sungura kusemezana na fisi, bali zamani hii ya juzi, bibi zenu wakiwa bado na meno yote, alikuwepo mwanamke akiitwa Nakunda. Alikaa milimani Upare, akilima tangawizi kwenye shamba lililo chini ya mfereji. Mumewe alifariki akamwachia mimba, na mama mkwe aitwaye Namsi, mkali wa maneno lakini mwepesi wa kukukorogea uji.

Matanga hayajaisha, akaja mzee Kalage, baba mdogo wa marehemu.

"Pole, mkwe wangu. Lile shamba ni la ukoo. Tutaligawana mimi na Mbonea." Huyo Mbonea alikuwa mdogo wa marehemu, shemeji yake Nakunda.

"Na mimi, baba? Na huyu aliye tumboni?"

"Mila ni mila. Tena imeandikwa."

Kweli, iliandikwa. Miaka mingi nyuma, mtaalamu mmoja wa mila alipanda mlima ule, akaketi na wanaume kwenye pombe ya miwa, akawauliza, wakamjibu. Akaandika kitabu: mwanamke wa mlima huu hana ardhi. Hakudanganya, aliandika alichoambiwa. Wanaume nao hawakudanganya, walisema walichokijua. Wanawake walipita pale na maji ya kunywa. Akawashukuru kwa maji, wala asiwaulize neno.

Nakunda alimtazama mama mkwe wake. Namsi alikuwa kimya, na kimya kile kilimtisha Nakunda kuliko maneno ya Kalage.

Basi katika chumba cha uani alipanga msichana wa chuo kikuu, Leokadia, mzaliwa wa Bukoba. Naye alisomea mila za watu. Mwalimu wake alimtuma kwa wazee wa ukoo, lakini kila asubuhi miguu ilimpeleka jikoni kwa kina mama. Mwalimu akamwandikia: "Mambo ya jikoni si elimu. Rudi kwa wazee, la sivyo tafuta mwalimu mwingine." Leokadia hakurudi.

Siku moja wakimenya ndizi, akauliza, "Mama, shamba la chini ya mfereji ulipewa na nani?"

Namsi aliweka kisu chini. Umri wote ule, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Na mama mkwe wangu. Naye alipewa na mama mkwe wake."

Lilikuwa shamba la mwiko. Bibi harusi akikabidhiwa mwiko wa kusongea ugali, huonyeshwa na shamba lake. Mwanamume haligawi, mwanamume halirithi. Na kulitaja mbele ya wanaume kulikuwa mwiko vilevile: atakayelitaja, wenzake hawaimbi naye tena. Nakunda alikuwa amekabidhiwa, naye akafumba mdomo. Hata angesema isingefaa, maana aliyepewa hajishuhudii. Shahidi ni aliyetoa.

Kesi ikafika barazani. Kalage akasoma kitabu. Leokadia akasimama:

"Waheshimiwa, kitabu hiki kilisikiliza nusu ya kijiji. Naomba na nusu ya pili isikilizwe."

Namsi akainuka. Nyuma yake, wanawake aliocheza nao utotoni waliinamisha macho. Akasema yote, kwa Kipare. Mwenyekiti alikuwa mgeni wa mlima, haijui lugha, ikabidi Mbonea amtafsirie mama yake. Kalage akamnong'oneza, na Nakunda, aliyekaa karibu, akasikia:

"Mwanangu, neno moja tu. 'Nilimpa' liwe 'nilimwazima'. Nusu ya shamba ni yako."

Nakunda aliona jasho likimteremka shemeji yake shingoni. Mbonea akamgeukia mwenyekiti.

"Mama anasema: nilimpa mkwe wangu, kama nami nilivyopewa."

Shamba likabaki kwa Nakunda. Kalage alinuna msimu mzima, kisha akaja na jembe kumsaidia kuzibua mfereji.

Leokadia alikataliwa na mwalimu wake, akakawia sana kupata shahada. Namsi, ngoma za harusi zikilia, hukaa pembeni peke yake. Mbonea hana shamba mlimani, ameshuka kulima nyika kavu.

Nakunda akajifungua binti. Nyumbani mwao ampaye mtoto jina ni mmoja tu, na huyo huwa mlezi wake maisha yote. Siku ya kumtoa mtoto nje, watatu wakafika, kila mmoja na jina lake mdomoni.

"Mimi ndiye niliyepiga hodi," alisema Leokadia. "Nisingeuliza, mama angezikwa na neno lake."

"Kupiga hodi ni rahisi, mwanangu, aibu humpata anayefungua," alisema Namsi. "Wewe umepoteza mwalimu, na walimu ni wengi. Mimi, rafiki niliyeruka naye kamba utotoni, nitampata wapi mwingine?"

Mbonea alikuwa amempakata mtoto, akimbembeleza. "Mama alitetea shamba la wanawake, naye ni mwanamke. Dada alitetea elimu yake. Mimi nilitetea kweli, na shamba likaniponyoka palepale."

"Sasa kusema kweli ndiyo sifa?" Namsi akamkatiza. "Kwani nilikuzaa useme nini?"

Wakacheka wote, hata Mbonea. Mtoto akashtuka, akalia. Namsi akampokea, akamkabidhi Leokadia, Leokadia akamrudisha kwa Mbonea, mtoto akanyamaza.

Nakunda aliwatazama. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomfunga ulimi. Kumchagua mmoja ni kuwanyima wawili, na siku ya jina hairudi.

Amekaa kitini, wanamsubiri. Haya, ninyi wa mkekani, msaidieni, wanawake msiwaachie wanaume, wanaume msiwasemee wanawake. Yupo aliyeuliza, yupo aliyevunja mwiko, yupo aliyetafsiri kweli iliyomwacha mikono mitupu. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?