Kibwenzi Arudi Uani

Paukwa!
Pakawa!
Kuku wangu kaenda wapi?
Kaenda jikoni kutibiwa.
Karudi na nini?
Karudi na mguu mmoja na nusu, na mdomo mzima!

Haya, sogeeni. Anayesinzia atadonolewa.

Hapo kale, uani kwa Bi Mwanakheri, waliishi mitetea kumi na jogoo mmoja. Jogoo huyo aliitwa Kuchi. Shingo yake ndefu kama mchi, kifua chake kipana kama kinu. Mchele ukimwagwa, Kuchi hula kwanza. Hula, hula, hula, mpaka shingo ivimbe. Wengine husubiri, husubiri, husubiri, kisha huokota vumbi.

Mtetea mdogo kuliko wote aliitwa Kibwenzi, kwa sababu ya kishungi chake kichwani. Siku moja mwewe akashuka. Vuuu! Akamkamata Kibwenzi mguu. Kibwenzi naye akamdonoa jicho. Do! Mwewe akamwachia, lakini mguu ulikuwa umechanika.

Bi Mwanakheri akampaka manjano na mafuta ya nazi, akamlaza jikoni siku saba. Siku ya nane akamrudisha uani. Hakumwachia huru. Alimfunika kwa tenga, akaweka jiwe juu ya tenga.

"Waangaliane kwanza," alisema. "Wakishazoeana, keshokutwa nitamtoa."

Kuchi akaja, ti, ti, ti. Akachungulia.

"Nani huyu?"

"Mimi Kibwenzi. Nimerudi kwetu."

"Kwenu wapi? Sheria yangu unaijua. Aliyekosa mlo wa uani siku tatu ni mgeni. Na mgeni?"

"Adonolewe!" wakajibu mitetea wote.

"Umesikia, kilema? Keshokutwa tenga likitoka, tunaanza na hicho kidonda."

Kibwenzi alijua si mzaha. Kuku wakianza kudonoa kidonda hawaachi mpaka mwenzao afe. Lakini kishungi kilibaki wima.

"Keshokutwa ni mbali, bwana mkubwa," alisema. "Sasa niache nile."

Maana mgonjwa alipikiwa chakula chake. Bi Mwanakheri alimpa machicha ya nazi na vichwa vya dagaa, asubuhi, mchana na jioni. Kibwenzi akala kwa ncha ya mdomo, polepole. Nyam. Nyam. Nyam.

"Unakula nini humo?" akauliza Kuchi.

"Machicha. Mabaya sana, bwana mkubwa. Hayakufai."

Mchana Kuchi akarudi, ti, ti, ti.

"Unakula nini tena?"

"Machicha yaleyale. Na dagaa. Wabaya sana. Wana mafuta mpaka yananichuruzika."

Jioni Kuchi akarudi mbio, ti-ti-ti-ti! Mate yalikuwa yanamdondoka, kama kuku ana mate.

"We kilema! Toka humo, mimi niingie!"

"Nitatokaje? Tenga zito, jiwe zito. Labda apatikane mwenye kifua."

"Kifua? Hiki hukioni?"

"Nakiona. Lakini sijui kama ni nyama au manyoya tu."

Lo! Kuchi akatia shingo chini ya tenga, akasukuma kwa nguvu zote. Jiwe likaanguka, pu! Tenga likainuka. Kibwenzi akatoka upande huu, chopi, chopi. Kuchi akaingia upande ule. Tenga likarudi chini, kwa!

Bi Mwanakheri akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Ala! Kuchi! Umejitia tengani mwenyewe? Wewe uliyemrarua jirani yangu kanga juzi? Basi kaa humohumo upoe! Kibwenzi ashatoka, na abaki nje."

Akaweka mawe mawili juu.

"Na machicha yangu je?" akalia Kuchi. Kokoriko! Kokoriko!

Bi Mwanakheri akamwekea pumba na maji. "Machicha ni ya mgonjwa. Wewe unaumwa nini?"

Huku nje, mitetea wakamzunguka Kibwenzi. Wakainua midomo. "Adonolewe! Adonolewe!"

Kibwenzi hakukimbia, na kwa mguu ule angekimbilia wapi? Akasimama katikati ya ua, akawatazama mmoja mmoja.

"Haya, nidonoeni. Lakini mchele umeshamwagwa, na mlaji wa kwanza yuko tengani. Mtanidonoa mimi, au mtadonoa mchele?"

Mitetea wakatazamana. Wakautazama mchele. Ko? Ko-ko? Ko-ko-ko-ko! Wote wakauvamia, Kibwenzi akiwa katikati yao. Siku ya kwanza walishiba. Siku ya pili walishiba. Siku ya tatu walishiba, na usiku ule Kibwenzi akalala juu ya ubao wa kulalia, wenzake wakimbana kushoto na kulia.

Siku ya nne Bi Mwanakheri akaondoa tenga. Kuchi akatoka amekonda, manyoya yamemsimama.

"Nipisheni nile!"

"Nani huyu?" akauliza mtetea mmoja.

"Mimi Kuchi, jamani!"

"Aliyekosa mlo wa uani siku tatu ni mgeni. Na mgeni?"

"Adonolewe!"

Wakamwendea. Do! Do! Do! Kuchi akakimbilia nyuma ya Kibwenzi. "Mama, niokoe!"

Kibwenzi akatanua mabawa yake madogo. "Basi, jamani. Sheria ya huyu siitaki, hata ikimpata mwenyewe. Kuanzia leo, anayerudi amerudi." Kisha akageuza kichwa. "Na wewe, bwana mkubwa, nyamaza. Utakula wa mwisho."

Akala wa mwisho. Mpaka leo.

Na funzo la ngano hii, wanangu, ni hili: ukiumia, kaa kimya tengani mwako, uwaheshimu wenye shingo ndefu, wala usiwajibu wakubwa. Kibwenzi yeye hakulisikia funzo hili, masikini. Alikuwa anakula.

Ngano yangu nimeimwaga uani. Mwenye mdomo aokote!