Kadi ya Koplo Luvanda

Hii nimetumiwa asubuhi na mtu ambaye naye alitumiwa. Nimeisoma mara mbili, nikaona nisikae nayo peke yangu. Kama nyumbani kwenu kuna anayevaa sare, au anayefanya kazi kwenye gari la wagonjwa, msomee.

Katika mji mmoja wa baridi, huko kwenye mashamba ya chai na misitu ya mbao, alikuwapo sajini wa zimamoto aliyeitwa Kihwele. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Alishatoa watu kwenye nyumba zinazoungua, kwenye visima na kwenye magari yaliyopondeka, na hakuna aliyewahi kuiona mikono yake ikitetemeka.

Askari wa kituo walimheshimu sana. Wakirudi kutoka kwenye tukio baya, yeye ndiye aliyewapokea, na maneno yake yalikuwa yale yale siku zote: "Mmefanya kazi. Kaogeni, mnywe chai, mlale." Kisha anampiga mtu begani na kwenda zake. Kwa Kihwele, huko ndiko kumjali mtu. Hata yeye alilelewa hivyo kazini.

Siku moja mkuu wa kituo alimwita ofisini.

"Sajini, imekuja barua. Kila kituo kitoe watu wawili wakajifunze kuwasaidia wenzao. Wale ambao wameona mambo mazito kazini, yakawabakia kichwani. Nimekuandika wewe na Koplo Luvanda."

Kihwele alicheka. "Afande, mimi nipe moto nizime. Hayo ya kukaa na watu wanalia, wapeni wachungaji."

"Askari wanakusikiliza wewe."

"Haya, mimi sawa. Na Luvanda? Yule si atageuza mafunzo yote yawe vichekesho?"

"Watu wanampenda," alijibu mkuu. "Mtaanza Jumatatu."

Luvanda alikuwa dereva wa gari la zimamoto. Miaka tisa yeye na Kihwele walikaa bega kwa bega ndani ya gari lile. Alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Aliwaigiza wakubwa wote, mwendo wao na kukohoa kwao, mpaka watu wanashika mbavu. Siku ambayo Luvanda yuko likizo, kituo kizima kilipoa.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu. Walikuwa watu kumi na wanne: zimamoto, wauguzi wa magari ya wagonjwa, askari wa barabarani wawili, na wanajeshi watatu waliokuwa wamerudi kutoka kulinda amani nje ya nchi. Mwalimu wao aliitwa Mama Mwaijande. Alikuwa muuguzi na sajini mstaafu wa jeshi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alipoongea watu walinyamaza bila kuambiwa.

"Sijaja kuwafanya madaktari," alisema. "Madaktari wapo, na njia ya kwenda kwao nitawaonyesha. Mimi nitawafundisha jambo ambalo kwa watu kama ninyi ni gumu kuliko kubeba majeruhi. Kukaa na kunyamaza."

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Watu wanakaa wawili wawili. Mmoja anachukua kadi kwenye kikapu. Kadi imeandikwa shida ya mtu wa kubuni, naye anaigiza kwamba yeye ndiye mwenye shida hiyo. Mwenzake kazi yake ni kusikiliza dakika kumi. Haruhusiwi kutoa ushauri, wala kuingiza habari zake, wala kutazama saa.

"Na mtu akigusia kwamba amechoka kuishi," aliongeza Mama Mwaijande, "usizunguke. Muulize kwa neno lake: unafikiria kujiua? Msiogope. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kama lipo, lilikuwapo kabla yako, na huenda wewe ndiye wa kwanza kumpa nafasi ya kulitaja."

Siku ya kwanza Kihwele alipangwa na mwanajeshi mmoja. Mwanajeshi alisoma kadi yake, akaanza kusimulia kwamba tangu arudi safari hapatani na mke wake. Hata dakika mbili hazijaisha, Kihwele alikuwa ameshamwambia aombe likizo, amnunulie mkewe zawadi, na aache pombe.

"Lakini mimi sijasema nakunywa pombe," alisema yule mwanajeshi.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama Mwaijande naye alitabasamu. "Sajini, umemwaga maji kabla hujajua moto unawaka chumba gani."

Neno lile lilimuuma Kihwele. Hakuzoea kushindwa, tena mbele za watu. Jioni yake, njiani kurudi bwenini, aliapa moyoni: kesho nitanyamaza mpaka mwalimu mwenyewe achoke.

Kesho yake alipangwa na Luvanda.

"Leo nimepatikana," Kihwele alisema akivuta kiti. "Haya mwigizaji, chagua kadi yako."

Luvanda alitia mkono kwenye kikapu, akachukua kadi, akaisoma. Akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Kengele ndogo ya mwalimu ililia, watu wengine wakaanza kuzungumza.

"Mimi ni dereva," Luvanda alianza, huku anacheka kidogo. "Dereva wa magari ya dharura, tuseme."

Kihwele alimwashiria kwa kichwa aendelee.

"Kulikuwa na ajali. Lori la mbao limepinduka mlimani, dereva wake kabanwa. Wenzangu wako upande wa pili na mashine ya kukata vyuma. Mimi nimeambiwa nikae na yule dereva, nimsemeshe asilale."

Ajali ile Kihwele aliikumbuka. Ilikuwa miezi mitano nyuma, na mashine ya kukatia vyuma aliishika yeye mwenyewe. Jamaa ana akili, aliwaza. Kachukua tukio la kweli anogeshe kadi yake.

"Akaniuliza, kaka, nitatoka? Nikamwambia utatoka. Akaniuliza tena. Nikamwambia utatoka, wanakata sasa hivi. Mara ya tatu hakuuliza, alinitazama tu. Nami nikamwambia utatoka." Luvanda alikishika kikombe, lakini hakunywa. "Hakutoka. Alifia mkononi mwangu, na mimi bado ninamwambia utatoka."

Maneno yalimjaa Kihwele mdomoni. Hilo si kosa lako. Ulifanya ulichoweza. Hata ningekuwa mimi. Aliyameza yote. Alimwona mwalimu anapita nyuma ya viti, akasema kimoyomoyo: leo hunipati.

Luvanda aliendelea, na sasa hakuwa akicheka. Alisema hawezi tena kumwahidi mtu jambo, hata mtoto wake akiomba wapande juu ya kilima Jumapili. Alisema king'ora kikilia hujifungia chooni kwanza na kunawa uso, ndipo atoke na mzaha watu wasimtambue. Mke wake humuuliza kuna nini, naye humwigizia mkuu wa kituo mpaka mama wa watu anacheka na kusahau swali lake.

"Kuna kona moja kule mlimani," alisema mwisho. "Siku hizi nikifika pale na pikipiki yangu, nawaza kwamba safari yangu ingeishia hapa tu ingekuwa nafuu kwa kila mtu."

Kihwele alikumbuka agizo. Aliuliza wazi, kama mwanafunzi anayetaka alama zote.

"Unafikiria kujiua?"

Luvanda aliinamisha kichwa.

"Ndiyo," alisema. "Na hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kihwele hakuongeza neno. Alikaa pale, magoti yao karibu kugusana, mpaka kengele ilipolia. Luvanda aliinuka, akasema anakwenda kunawa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mwalimu!" Kihwele aliita, uso umemng'aa. "Umeniona leo? Dakika kumi nzima! Ila yule jamaa naye ni hatari. Anaigiza mpaka mwili umenisisimka."

Mama Mwaijande hakutabasamu. Alikuwa akiutazama mlango wa nyuma.

Kihwele alianza kukusanya vikombe vya meza yao. Alipoinua kikombe cha Luvanda aliiona ile kadi. Akaikunjua ili airudishe kikapuni, na macho yakaangukia maandishi:

"Wewe ni mpishi wa kambi. Wenzako wamesema mboga yako haina chumvi. Umekasirika."

Aliisoma tena. Akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

Kikombe kilimponyoka, kikavunjika sakafuni. Watu waliogeuka walimwona Sajini Kihwele amesimama na kipande cha karatasi, na mikono yake inatetemeka.

Alimpata Luvanda nyuma ya ukumbi, ameinamia bomba la maji lililo wazi, hanawi. Alilifunga bomba. Sasa yale maneno ya miaka ishirini na miwili yalimjia tena ulimini, ya kuoga, ya chai, ya kulala, na kwa mara ya kwanza aliyaona yalivyo mepesi.

"Nimeiona kadi," alisema.

Luvanda hakugeuka. "Nilitaka kuigiza huyo mpishi, afande. Nilifungua mdomo, akatoka mwingine."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Siku ile ile nilitaka kukuambia. Tulivyorudi, nilikuja mpaka ulipokuwa unaosha mashine. Ukanipiga begani, ukaniambia kaoge."

Kihwele alikaa chini, kwenye saruji yenye maji, na suruali yake ya sare. "Nilikosea," alisema. "Na sasa hivi sijui nikwambie nini. Lakini sikuachi hapa peke yako."

Luvanda naye alikaa. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa leo. Kihwele hakumwambia anyamaze.

Mama Mwaijande aliwafuata baada ya muda, akachuchumaa mbele yao. Maneno ya Luvanda aliyasikia alipopita nyuma ya viti, na alikuwa ameshampigia simu daktari wa afya ya akili wa hospitali ya mji ule.

"Koplo, daktari anatusubiri. Utakubali twende?"

"Watasema nimechanganyikiwa. Wataninyang'anya gari."

"Huenda ukakaa pembeni ya usukani kwa muda," alijibu, maana hakutaka kumdanganya. "Kazi hatutaki uipoteze, na mimi na sajini wako tutakwenda kulisema hilo kwa mkuu wako, ukituruhusu. Hutaingia mahali popote peke yako."

Kihwele alinyosha mkono. "Nipe ufunguo wa pikipiki, ndugu yangu. Nikutunzie."

Luvanda aliutazama mkono ule. Kisha akaingiza wake mfukoni, akautoa ufunguo, akaukabidhi.

Walikwenda kwa daktari mchana huo huo. Jioni Kihwele alikuwapo Luvanda alipomweleza mke wake ukweli wote, bila mzaha hata mmoja. Mke alimshika mumewe mkono na kusema, "Nilijua kuna kitu. Nilikuwa nasubiri uache kunichekesha."

Haikuwa kazi ya wiki moja. Luvanda alitumia dawa, alikwenda kwa daktari kila mwezi, na kituoni alipangwa chumba cha kupokea simu. Ziko siku alizoendelea vizuri, ziko siku alizorudi nyuma, na siku hizo Kihwele alikwenda kwake, wakakaa uani wakichambua maharage na mke wa Luvanda, pengine bila kuongea lolote. Mwezi wa nane wa matibabu daktari aliandika kwamba anaweza kurudi kwenye usukani. Askari walimpokea kwa makofi, na aliomba wasimtake awachekeshe siku hiyo. Walielewa. Wakati huo wanne kati yao walikuwa wameshakwenda kwa Kihwele, mmoja mmoja, na mambo yao wenyewe.

Mwisho wa mwaka, mkuu wa kituo aliandaa cheti cha pongezi. Mbele ya gwaride alimwita Sajini Kihwele na kutangaza kwamba ameokoa maisha ya mwenzake kwa ustadi wa kusikiliza.

Kihwele alipiga saluti, lakini cheti hakukipokea.

"Afande, naomba niseme ukweli," alisema. "Nimekaa kiti kimoja na mtu huyu miaka tisa. Katika miaka yote hiyo nilimsikiliza dakika kumi tu, na dakika zenyewe nilidhani anaigiza."

Luvanda alitoka kwenye mstari wake, akaja kusimama kando ya sajini wake, bega kwa bega, na mkuu wa kituo hakumwamuru arudi.

Funzo: Mwenzako unayefanya naye kazi kila siku anaweza kuwa anazama mbele ya macho yako huku anakuchekesha; usiwe mwepesi wa kumpa ushauri, kaa naye, muulize waziwazi, msikilize mpaka mwisho, na akikubali kwenda kwa daktari, nenda naye.