Kapu Lililobadilishwa Kamba

Sogeeni, wajukuu zangu. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye kujikuna ajikune sasa. Masikio yapo?

Yapo!

Basi yategeni. Kisa hiki ni cha kale, kale ya kale, milima hii ilipokuwa haijapewa majina na chui wakipita uani kama kuku. Siku hizo chumvi haikununuliwa. Chumvi ilifuatwa. Ilifuatwa mbali, ng'ambo ya nyika, mahali ambapo ardhi ni nyeupe kama unga.

Na nyika ile, wanangu, hakuna aliyethubutu kuwasha moto ndani yake. Walikuwako wateka watu, na moshi mdogo tu ungewaleta mbio. Kwa hiyo waliokwenda chumvini walikula vibichi. Walikwenda wakila vibichi, wakarudi wakila vibichi: mihogo mitamu, matango, karanga, na ndizi zilizokatwa zikiwa ngumu ili ziive njiani.

Mwaka huo waliochaguliwa kufungasha chakula walikuwa wanawake wawili. Mmoja ni Nakiete, mke kijana, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Wa pili ni wifi yake, Namkunda, dada wa mumewe. Huyu Namkunda, wacheni tu! Alikuwa na ulimi wa upupu. Ukimsalimia vibaya, anakusema. Ukimsalimia vizuri, anakuuliza unataka nini. Watu walimwogopa, na wakimwogopa mtu, kumpenda hawampendi.

Nakiete alijua kufungasha. Nisikilizeni hapo: alijua. Mama yake alimfundisha tangu utotoni. Tango usilioshe, lipanguse tu kwa jani. Muhogo usiumenye, uache na ngozi yake na udongo wake. Weka majani makavu katikati, ndizi ziwe juu zisibanwe, na kapu lipumue. Yote hayo aliyajua.

Lakini alitaka kusifiwa. Alikuwa mgeni katika ukoo ule, akitamani siku kapu lake litakapofunguliwa watu waseme, "Lo! Tumepata mke!" Basi akaosha matango mpaka yakang'aa. Akamenya mihogo mpaka ikawa myeupe kama meno ya mtoto. Akapanga, akabana, akafunika kwa ngozi ya mbuzi, akafunga. Hakuna aliyemwona, na kapu likakaa limefungwa hivyo siku mbili kabla ya safari.

Makapu yote mawili yalisukwa na mikono ya mtu mmoja, na yote yalifunikwa kwa ngozi. Ungeyatofautisha kwa kamba tu: la Nakiete lilikuwa na kamba nyeupe ya mkonge, la Namkunda kamba nyeusi ya magome.

Wakaondoka. Wakashuka mlima, wakashuka, wakashuka. Aliyewaongoza ni Mzee Mrindoko, mtu wa maneno machache. Jua la tambarare likawapokea, kali, likawapiga utosini. Walipofika kijito cha mwisho, pale mlima unapokoma na nyika inapoanza, Mzee Mrindoko akasema, "Tueni mizigo. Ogeni, mnywe, mjaze vibuyu. Kisha tutakula."

Watu wakakimbilia maji. Nakiete akabaki nyuma kidogo, maana tangu asubuhi alikuwa akisikia kitu mgongoni. Harufu, wanangu. Akalegeza kamba, akainua ngozi.

Mihogo ilikuwa imeshika weusi. Matango yalikuwa yakiteleza kama makamasi. Ndizi zilikuwa zimepondeka zikawa uji.

Angeweza kuita, "Jamani, nimeharibu!" Kijiji kilikuwa bado karibu. Lakini kutoka kijitoni alisikia watu wakicheka, akafikiria nyuso zao zitakavyogeuka, akaona hawezi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mikono yake ikafungua kamba nyeupe, ikafungua kamba nyeusi. Nyeupe ikahamia huku, nyeusi ikahamia kule. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Kisha akaenda kuoga na wenzake.

Makapu yakafunguliwa. La kamba nyeupe likatoa mihogo mikavu, mizima, na matango baridi kama yaliyochumwa alfajiri. La kamba nyeusi likatoa uvundo. Watu wakaziba pua.

"Namkunda!" akaita Mzee Mrindoko. "Hiki ni nini?"

Namkunda akaja akidondosha maji, akainama, akatazama. "Hiki si changu! Mimi simenyi mihogo ya safari. Nani kamenya mihogo hii?"

"Kamba hii si yako?"

"Kamba ni yangu. Chakula si changu!"

Watu wakacheka kicheko kibaya. Mmoja akasema, "Ulimi wake ndio umeozesha." Namkunda akageuka huku na huku akitafuta wa kumtetea, na macho yake yakamfikia Nakiete.

"Wifi," akasema, na sauti yake safari hii haikuwa na ukali, "tulikuwa sote shambani asubuhi ya kufungasha. Uliniona nikikusanya majani makavu. Waambie."

Nakiete akainamisha uso. "Mimi... sikuangalia vizuri, wifi."

Mnasikia maneno hayo? Maneno madogo tu. Namkunda akanyamaza. Yule ambaye hakuwahi kunyamaza, akanyamaza.

Mzee Mrindoko akamwambia arudi nyumbani njia ingali inaonekana, na chumvi ya mwaka ule isahau. Namkunda akapanda mlima peke yake, kapu lile bovu mgongoni, hakugeuka nyuma.

Wakaingia nyikani na chakula cha kapu moja. Kila walipokaa kula, kila mtu alipata kipande, na kila aliyepata kipande alisifu. "Nakiete, mikono yako idumu!" Naye akainamisha uso. "Nakiete, bila wewe tungekufa!" Naye akainamisha uso. Walidhani ni adabu. Walisema, tazameni mke mwenye haya! Na kweli alikuwa na haya, wanangu, haya iliyomwasha mwili mzima kama siafu. Tango lilimkwama kooni. Alilitema nyuma ya kichaka, akalifukia kwa mguu, kisha akaona haya tena kwa kutupa chakula wenzake wakiwa na njaa.

Wakafika chumvini. Watu wakainama kuchimba, wakiimba. Mzee Mrindoko akamwita mbele ya wote, akamkabidhi bonge la kwanza, kubwa, jeupe. "Hili ni lako, mwanangu. Umetulisha."

Nakiete akalipokea. Akalishika.

"Baba," akasema, "si mimi."

"Si wewe nini?"

"Si mimi niliyewalisha. Kapu lililooza lilikuwa langu. Nilibadilisha kamba mlipokuwa mnaoga."

Nyimbo zikakatika. Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana! Walimtazama tu, kisha mmoja mmoja akainama, akaendelea kuchimba. Mzee Mrindoko akachukua bonge lile kutoka mikononi mwake, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Na mimi nilimfukuza," akasema. "Nilimfukuza kwa sababu hakuwa mtamu wa maneno." Akakaa chini, akafunika uso kwa kiganja.

Walirudi bila kuimba. Nakiete alibeba chumvi ya wenzake, yake hakupewa. Kijijini akakuta watoto wamemtungia Namkunda jina, Mama Uvundo. Akipita wanaziba pua. Mwenyewe alikuwa uani akipepeta mtama. Nakiete akapiga magoti.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi."

Namkunda hakuacha kupepeta. "Umeniomba. Nimesikia. Na hao wanaoziba pua nikipita, wamesikia?"

"Bado."

"Basi unapiga magoti ya nini hapa?"

Nakiete akainuka. Akaenda nyumba hadi nyumba. Kila nyumba alisema, "Hodi. Kapu lililooza lilikuwa langu, Namkunda hana kosa." Wengine wakatikisa kichwa. Wengine wakafunga mlango. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi kizee Naetwe, aliyekuwa kiziwi. Nakiete akasema kwa sauti ndogo. Bibi akatega sikio. "Eti nini?" Akarudia. "Sikusikii, mwanangu, sema kwa nguvu!"

Nakiete akavuta pumzi. Akapaza sauti mpaka mbwa wakabweka bonde zima. "KAPU LILILOOZA NI LANGU! NAMKUNDA HANA KOSA!"

"Ahaa," akasema bibi. "Sasa umesema."

Na kule uani, Namkunda akaweka ungo chini, akaweka uso mikononi, akalia. Tangu aliporudi alikuwa hajalia.

Je, walipendana? Sitawadanganya. Waliishi jirani, wakasalimiana, na ulimi wa Namkunda haukupungua upupu. Lakini hakuna mtoto aliyeziba pua tena.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu: ukiharibu, sema ungali karibu na nyumbani. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Aibu ya kumvisha mwenzio kosa lako huwezi kuila wala kuitema. Na mtu mkali wa maneno naye ana haki ya kuaminiwa.

Kisa nimekitua hapo kilipotaka kutuliwa. Mzigo sasa ni wenu. Nendeni mkalale.