Swali la Saba la Chui

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na Chui, na daftari, na swali moja baya.

Hapo zamani Chui alitangaza mafunzo ya utafiti. Alisema anataka kujua hali ya maisha ya wanyama wa bondeni, apate kuwasaidia. Wanyama walimsadiki, maana alisema kwa upole, na makucha alikuwa ameyaficha. Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye majabali, alijiandikisha wa kwanza. Alipenda sana kujua mambo.

Chui alifundisha vizuri, haki yake tumpe. Alifundisha kumwomba anayehojiwa ridhaa kwanza. Alifundisha kutoandika jina lake. Alifundisha kurudisha matokeo kwa wenye bonde. Alifundisha na swali la kuhakiki: ukishauliza jambo, liulize tena baadaye kwa njia nyingine, maana njia ya mwongo ni fupi. Pimbi akaandika yote, kwaru kwaru kwaru.

Siku ya mazoezi alimwendea shoga yake Digidigi. Akamwomba ridhaa, akamsomea dodoso, yaani yale maswali aliyoyaandika Chui mwenyewe. Swali la saba liliuliza: mtoto wako humlaza wapi? Digidigi akajibu kwamba humlaza kwenye kichaka cha mkole, upande wa jua. Kwaru kwaru kwaru, Pimbi akaandika. Jina hakuandika. Daftari akampelekea Chui.

Chui hakuhitaji jina. Kesho yake kichaka cha mkole kilikuwa kitupu.

Digidigi hakugomba. Aliuliza neno moja tu: "Shoga, ulimwambia nani?"

Pimbi akageuka, akaenda zake. Aliona aibu kutwa nzima. Tena daftari lilikuwa na kurasa nyingi bado, na zamu ya watoto wa bonde zima ilikuwa inakuja.

Basi akaenda darasani. Akamwambia Chui, mbele ya wanafunzi wote, kwamba wanyama wamekataa kujibu. Wanasema maswali ambayo mwenyewe hajayajibu ni mtego. Mwalimu akihojiwa yeye kwanza, bonde zima litafuata. Chui akavifikiria vichaka vyote vile, mate yakamjaa kinywani. Akakubali.

"Mwalimu, nina ridhaa yako?"

"Unayo."

"Mchana unalala wapi?"

"Juu ya mgunga, kule kilimani," akasema Chui bila kupepesa jicho.

Kwaru kwaru kwaru. Pimbi akauliza ana ndugu wangapi, anapenda chakula gani, mguu upi unamuuma. Chui akajibu, mkia ukimcheza kwa hamu ya kumaliza. Likafika swali la ishirini.

"Ukiamka na kiu, ni hatua ngapi mpaka kwenye maji?"

"Tatu," akasema Chui.

Pimbi akafunga daftari. Kule kilimani hakuna maji hata tone. Maji ya hatua tatu yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye pango lenye chemchemi.

Mwanafunzi mwema hutii mwalimu wake. Pimbi akawarudishia matokeo wenye bonde, akaanza na Nyati. Siku ya tatu, mchana, Chui yumo usingizini, Nyati na wenzake wakaja: ti! ti! ti! Pembe arobaini zikaziba mlango wa pango. Chui hakutoka tena.

Pimbi akaenda kwa Digidigi. Akamwambia, "Shoga, uliniuliza nilimwambia nani. Nilimwambia Chui. Na Chui naye aliniambia mimi."

Digidigi akalia. Jibu lilikuwa limekuja, mtoto hakuja nalo. Pimbi akakaa naye penye kile kichaka mpaka jua likahama, na siku hiyo hakuandika kitu.

Basi funzo ni hili, wanangu: akija mgeni na daftari, mjibuni yote, tena upesi. Karatasi haina meno.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Atakayeiokota aisimulie, ila jina langu asiliandike.