Hati Iliyotundikwa Lango la Wenye Ngozi

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kando ya mto alikuwepo mufti aitwaye Sheikh Wajihi bin Suhaili. Desturi ya mji ilikuwa mwenye swali huliandika kwenye karatasi, na mufti huandika jawabu chini yake, bila ya kuonana. Sheikh alikuwa mwepesi wa kujibu, na watu wakimsifu kwa wepesi huo. Mimi, wepesi huo ndio unaonitisha.

Siku moja ililetwa karatasi: "Mto mkubwa, maji yake yanapita. Je, ni twahara?" Akaandika, "Ni twahara," akavuta karatasi nyingine.

Mwaka ukapita. Baada ya sala ya alasiri akaingia barazani kwake mjane aitwaye Bi Raihana, amebeba mtungi.

"Sheikh, binti yangu amefariki. Tumemwosha kwa maji haya, kwa kuwa fatwa yako inasema ni twahara. Nimekuja kuuliza, amekwenda kwa Mola wake akiwa safi?"

Sheikh akauinamia mtungi, mara akarudi nyuma. Maji yalikuwa ya hudhurungi, yananuka mzoga.

"Haya si ya mtoni, mama yangu."

"Ni ya mtoni. Kule juu wapo watengeneza ngozi, na uchafu wao huumwaga humo. Tulipokwenda kuwalalamikia, walituonyesha hati yako langoni."

"Binti alikufa kwa maradhi gani?"

"Tumbo, Sheikh. Maji ya kunywa nayo ni hayo hayo."

Sheikh akapigwa na butwaa. Tangu utoto wake alijua kwamba najisi ikiyageuza maji rangi, ladha au harufu, hayawi twahara tena. Angeuliza tu maji hayo yanapita wapi. Hakuuliza.

"Binti yako yu safi," akasema kwa shida. "Ninyi mliniamini. Dhambi hii ni yangu."

Wakatoka pamoja, wakaufuata ukingo hadi kwenye lango. Hati ilikuwa pale, imepigiliwa misumari. Mwenye karakana ya ngozi akampokea kwa heshima kubwa, kisha akamnong'oneza kwamba liwali ni mshirika wake, na mufti anayejikosoa hadharani huvuliwa cheo. Sheikh akaomba wino. Watu walidhani ataing'oa hati, lakini aliiacha mahali pake, akaandika chini ya jawabu lake: "Maji haya ni najisi, na kuwanywesha watu ni dhulma. Aliyejibu hapo juu hakwenda kutazama." Akatia jina lake kamili.

Cheo kilimtoka kabla ya Ijumaa. Watu hawakuacha kumletea maswali, naye kila aliyemnyooshea karatasi alimwambia, "Nipeleke kwanza," akavaa viatu.

Ndugu zangu mnaosoma sheria na kuziandika, jawabu lile halikuwa na kosa kitabuni, na mtoto wa watu amekufa kwalo. Nimelisimulia jambo hili mara nyingi na bado linanishtua. Mola atujaalie tushtuke mapema, kabla mama hajaja na mtungi.